Kambale anavuta hewa, lakini maji mabovu yatamuua

SWALI: Nafuga kambale kwenye bwawa la turubai hapa Kahama. Aliyeniuzia vifaranga alisema kambale hasumbuliwi na maji kwa kuwa anavuta hewa ya juu, hata ukimtupa kwenye majani mabichi hafi upesi, kwa hiyo niongeze maji yakipungua tu. Sasa wana miezi minne. Maji yananuka, samaki wamesimama wima vichwa juu, chakula hawagusi, na kila asubuhi naokota wafu wawili watatu. Ameniambia ninunue unga wa kuongeza oksijeni. Ni sawa?

JIBU: Huo unga achana nao. Samaki wako wanauawa na uchafu wao wenyewe, na oksijeni ya pakiti haiuondoi.

Leo usiwape chakula kabisa. Nyonya tope la chini kwa mpira, toa kama theluthi ya maji, jaza mapya, kesho rudia. Usimwage yote kwa mkupuo, maana joto na pH (kiwango cha uchachu wa maji) vikibadilika ghafla utawamaliza waliobaki. Kama maji yako ni ya bomba na yana klorini, yakinge siku moja kabla kwenye pipa lililo wazi. Wakichangamka, anza tena kuwalisha kidogo kidogo. Pesa ya unga nunua kipimo cha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kile cha matone kinachobadilika rangi.

Sasa hilo la "kambale hahitaji maji mazuri", ambalo nalikuta karibu kila bwawa ninaloitwa. Chukua mmoja aliyekufa asubuhi, kata kifuniko cha shavu, tazama ndani. Utaona matamvua, na juu yake, kwenye uwazi ulio pembeni ya kichwa, vinyama vyekundu vyenye matawi mfano wa koliflawa. Hicho ndicho kiungo cha kuvutia hewa, na kazi yake kubwa ni kuingiza oksijeni. Amonia inayotokana na protini anayokula haitokei hapo. Inatokea kwenye matamvua na kuingia majini. Maji yakishajaa amonia, ile ya mwilini mwake inakosa pa kwenda na kubaki kwenye damu, hata kama anagubia hewa mchana kutwa. Bwawa likiwa la kijani ndiyo balaa zaidi: jua likiwaka mwani unapandisha pH, na pH ikipanda pamoja na joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ile yenye sumu kali. Mfugaji anashangaa samaki waliokuwa wazima asubuhi wanahangaika alasiri.

Kambale mwenye afya hupanda, hugubia, hushuka. Anayening'inia wima muda wote ni mgonjwa.

Ni kweli usiku wa mvua kambale anaweza kuvuka majani, akijisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani. Lakini anahama kutafuta maji mengine, tena ngozi ikiwa bado mbichi. Anayekaa miezi bila maji ni kamongo, na yeye hujichimbia topeni, hujifunga kwenye kifuko cha ute, hali kitu, na amonia yake huigeuza kuwa urea ambayo haina sumu kali. Wako unamlisha protini kila siku, halafu unamtaka aishi kama kamongo!

Kuna na video za samaki mdogo wa India na Asia ya Kusini-Mashariki, Anabas testudineus, akitambaa nchi kavu kwa vifuniko vya mashavu. Mtu anaandika juu yake "sangara" na watu wanaamini. Sangara wa Ziwa Victoria hana kiungo cha kuvutia hewa. Oksijeni ikishuka ziwani, yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kuelea.

Uongo huu wa kambale kutosumbuliwa na maji unawaumiza zaidi wanaonunua vifaranga. Kifaranga wa kambale hazaliwi na kiungo hicho kikiwa tayari. Kinachukua kama wiki mbili hadi tatu tangu aanguliwe, na kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyo majini kama samaki yeyote. Walanguzi hawajali. Wanawashindilia kwenye ndoo, ndoo inafungwa nyuma ya bodaboda juani, "kambale hafi hovyo". Wanafika wakiwa hai kidogo, unalipa, siku ya tatu wameisha, na ukipiga simu unaambiwa maji yako ndiyo mabaya. Mzalishaji anayeijua kazi hawapi chakula siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji, anawafunga kwenye mfuko wa nailoni wenye theluthi ya maji na nafasi iliyobaki oksijeni, na anasafirisha usiku au alfajiri. Ukifika unauelea mfuko bwawani mpaka joto lilingane, ndipo unaufungua. Muuzaji akikwambia hayo yote ni mbwembwe kwa sababu hawa ni kambale, rudi na pesa yako.