Kabla Hujaomba Nafasi ya Utafiti wa Picha za Hadubini

Tangazo la kazi ya utafiti baada ya uzamivu likitaka mtu anayejua Fiji (programu ya kuchambua picha za hadubini) na Python (lugha ya kuandikia programu), usiishie kuyaandika maneno hayo kwenye wasifu. Kila mwombaji huyaandika. Mkuu wa maabara anamtafuta mtu anayeweza kueleza kila namba aliyoitoa kwenye picha imetoka wapi, na hilo unaweza kulithibitisha hata kama chuo chako hakina hadubini ya maana.

Pakua BBBC039, mkusanyo wa picha wa taasisi ya utafiti ya Broad Institute, ni bure. Ina picha 200 za viini vya seli, pikseli 520 kwa 696, biti 16, na mipaka ya viini imeshachorwa kwa mkono. Picha 100 ni za kufundishia modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, 50 za kuirekebisha, 50 za kuipima. Hizo 50 za mwisho usiziguse mpaka umalize yote. Hesabu viini kwa kizingiti cha Otsu ndani ya Fiji (kiwango cha mwangaza kinachotenganisha viini na usuli), kisha kwa StarDist au Cellpose, modeli za kutambua viini na seli, ulinganishe na michoro. Otsu hukwama pale viini vinapogusana: viwili huwa kimoja, idadi inashuka na wastani wa ukubwa unapanda. Ukitumia modeli iliyokwisha kufundishwa, chunguza kwanza ilifundishwa kwa picha zipi, maana ikiwa imeshaziona zako, alama zake hazina maana. Makosa uliyoyakuta yaonyeshe waziwazi. Kurasa mbili na msimbo ulio GitHub zinatosha.

Kwenye usaili jiandae kwa maswali ya msingi. JPEG hubadilisha thamani za pikseli, hivyo mwangaza hupimwa kwenye faili asilia au TIFF. Kamera ya biti 12 hufika ukomo kwenye 4,095 hata faili likiwa la biti 16. Anayesubiri kuona 65,535, ukomo wa biti 16, hatajua kwamba picha yake imeungua kwa mwanga. Na seli 300 kutoka kwa panya 3 ni sampuli 3, si 300, maana seli za panya mmoja hazijitegemei. Hapa ndipo tasnifu nyingi nzuri huvuja.

Fedha za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya kwa watafiti wa baada ya uzamivu, zile za kufanya kazi Ulaya, ziko wazi kwa mtu wa taifa lolote, ila usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kutuma ombi. Ombi huandikwa pamoja na maabara itakayokupokea, na dirisha la maombi kwa kawaida hufungwa Septemba. Anza kuwaandikia wenye maabara Aprili; ukingoja Agosti, watakuwa wameshachagua watu wao. Barua iwe fupi: taja makala yao moja, swali moja la picha ambalo halijajibiwa humo, na kiungo cha ile kazi yako ya kurasa mbili.