Muulize Fundi: Bunduki haijikoki yenyewe

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Sikonge, Tabora, shemeji yangu anaishi Marekani na ana bunduki ya M1 Garand inayojikoki yenyewe, sasa anasubu risasi zake mwenyewe (anayeyusha na kumimina kwenye kalibu) na kuweka baruti kidogo ili isipige teke sana, ila kila akipiga inabidi avute bolti kwa mkono. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba. Kwanza tuelewane, risasi hapa ni ile metali laini, si unajua kwetu jina ni moja na la ile inayopigwa. Garand, waliyoipokea jeshini Marekani 1936, inajiendesha kwa gesi inayoingia kwenye katundu kadogo karibu na mdomo wa mtutu, gesi inasukuma pistoni, pistoni inarudisha bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, na ganda tupu linaruka nje. Sasa baruti kidogo, tena ya kuungua haraka, presha inapanda mapema halafu ikifika kule mbele imeshalegea, bolti inarudi nusu njia basi.

Kwa hiyo asikimbilie kuongeza ileile ya haraka, hapo anaweza kulipua chemba! Inayosaidia ni ya kuungua taratibu kidogo na kichwa kizito, yaani kile kipande kinachoruka, kwa vipimo vya kitabu cha watengenezaji wa baruti, si vya kubahatisha. Akague pia katundu ka gesi, nta inayopakwa vichwa vya kusubu na risasi yenyewe huganda humo. Wengine hulegeza springi ya kurudisha bolti mbele, mimi sipendi, ukirudia risasi za dukani bolti inagonga vibaya.

Au avute tu kwa mkono, shabaha haipungui. Na wewe usijaribu huku, soma sheria ya silaha ya 2015.