Nani Mwenye Biashara? Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Kati

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini karibu zote zinalia kilio kimoja: biashara inayumba kwa sababu haijulikani hasa ni ya nani, au mwenyewe anajulikana ila anayeamua ni mwingine. Nimechagua sita, na baadhi nimezifupisha.

"Nina duka la vyakula karibu na soko la Majengo. Mtaji ni wangu, leseni ina jina langu. Watoto wanapita kuchukua unga na mafuta, mume wangu anachukua hela ya petroli ya pikipiki, na mdogo wangu anayeniuzia anasema duka ni la familia. Mauzo ni mazuri lakini stoo inazidi kupungua." (Msomaji, Majengo, Dodoma)

Dada yangu, kwa karatasi duka ni lako. Kwa mazoea ni la kila anayejua droo inafunguliwaje, na duka linaendeshwa na mazoea hayo.

Usianze na ugomvi. Anza kwa kujilipa. Panga kiasi utakachochukua kila Jumamosi kama mshahara wako, na matumizi ya nyumbani yatoke humo. Mtoto akija kuchukua kilo mbili za unga, mdogo wako aandike kwenye daftari la pembeni kwa bei ile ile anayouziwa jirani, na wiki ikiisha ulipe kutoka kwenye mshahara wako. Utashangaa ukubwa wa jumla, na mumeo naye atashangaa. Namba ya simu ya kupokelea malipo ya duka iwe ya duka peke yake, isichanganywe na michango ya harusi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa haki. Kama mumeo ndiye anayelipa kodi ya fremu, basi naye ana mtaji humo hata kama jina lake haliko kwenye leseni. Kaeni chini muandike. Mnaweza kukubaliana kwamba ile ni zawadi, au mkopo, au sehemu yake ya duka. Lolote mtakalochagua ni bora kuliko hali ya sasa, ambapo kila mmoja anajihesabia haki yake kimoyomoyo.

"Tuko watatu hapa Kibaigwa. Mimi nilinunua mashine ya kukamua alizeti kwa mkopo, wa pili ametoa kiwanja na banda, wa tatu ndiye fundi na ndiye anayeiendesha. Hatukuandikishana. Mimi naona nastahili nusu ya faida, wenzangu wanataka sawa kwa sawa. Nani ana haki?" (Msomaji, Kongwa)

Kaka, jibu la kisheria halitakufurahisha. Kwa sheria yetu ya mikataba, wabia wasiokubaliana vinginevyo hugawana faida sawa na hasara sawa, hata kama mmoja alileta mtaji mkubwa kuliko wengine. Na ubia ambao si kampuni hauna ukuta kati ya deni la biashara na mali ya mbia. Mkidaiwa, mdai anaweza kumwandama yeyote kati yenu kwa deni lote, awe fundi asiye na kitu au wewe mwenye nyumba. Hapo usawa wa kwenye karatasi unaisha, kwa sababu atafuatwa mwenye cha kuchukuliwa.

Lakini ugomvi wenu ulianza kabla ya mgawo. Kila mmoja anaitazama ile mashine kwa jicho la alichoweka. Wewe una rejesho la benki kila mwezi, na kama rejesho lisingekuwepo ungependa mafuta yakae kwenye madumu mpaka bei ipande mwishoni mwa mwaka. Mwenye kiwanja hadaiwi na mtu, kwa hiyo anataka chake kila mnapouza. Fundi hana shilingi kwenye chuma, ana jasho tu, hivyo kwake siku nzuri ni siku ya magunia mengi. Vyuma vya ndani vikilika, mfuko unaoumia si wake. Hakuna mbaya hapo. Mmeunganisha watu watatu wenye hofu tatu tofauti, bila kuzitaja.

Ningekuwa mimi, ningeacha kubishana kuhusu nusu na theluthi. Lipeni kwanza kila mchango kwa bei yake. Mashine ibaki mali yako, na ubia ukulipe kodi kwa kila gunia linalokamuliwa. Banda lilipiwe pango kama ambavyo angelipwa na mpangaji mwingine. Fundi alipwe ujira wake wa siku. Tengeni fungu la vipuri na la umeme. Kinachobaki baada ya hapo ndicho faida, na hicho kigawanyeni sawa kwa sawa bila kinyongo. Fundi naye apate sehemu ndogo ya akiba ya vipuri isiyotumika mwisho wa msimu, halafu uone atakavyoisikiliza ile mashine ikianza kupiga kelele.

Na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, je? Hujayataja, nami nimeona yakivunja ubia kuliko mafuta yenyewe. Kama mwenye banda anayabeba kwenda kulisha ng'ombe wake kwa kuwa "yamebaki tu", amekwisha kuchukua faida mapema. Yapimwe, yaandikwe, yauzwe. Akiyataka, anunue.

"Mnunuzi binafsi wa zabibu anakuja na lori, anapima, anaondoka. Chama chetu cha ushirika kinaitisha kikao juu ya kikao huku zabibu zinaharibika. Kwa nini nisiachane nacho?" (Mkulima, Hombolo)

Shikamoo mzee wangu. Malalamiko yako ni ya kweli na sitayapamba. Zabibu iliyoiva haijui ajenda wala muhtasari wa kikao.

Ucheleweshaji huo unatokana na wenye chama kuwa wengi na kuwa na sauti sawa. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na nusu ekari au ekari kumi. Kwenye kiwanda cha mtu binafsi anayeamua ni mmoja, tena hapo hapo, akiwa amesimama kando ya lori. Lakini angalia anaamua kwa faida ya nani. Kila shilingi inayopungua kwenye kilo yako inaingia upande wake. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Kwenye chama kilicho hai, muuzaji na mwenye chama ni mtu yule yule, kwa hiyo ziada inapaswa kumrudia kama malipo ya pili.

Hivyo muhimu ni kuamua mapema yale yanayoweza kuamuliwa mapema. Kabla ya mavuno, mkutano mkuu upitishe bei ya chini kabisa na umpe meneja ruhusa ya kuuza siku hiyo hiyo kwa bei hiyo au zaidi, bila kuita bodi. Bodi ikutane baadaye kumkagua. Nyie wa Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkikosea msimu huu mna nafasi ya kurekebisha kabla mwaka haujaisha. Mkulima wa alizeti hana bahati hiyo.

Sababu nyingine ya ushirika kulegea ni ya zamani. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtu akinyang'anywa chake kisha akarudishiwa kwa barua ya serikali, huanza kukiona ni cha serikali. Wanachama wengi mpaka leo husema "chama chao". Lakini taarifa ya ukaguzi ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, ni haki yenu kuisikia ikisomwa kwenye mkutano mkuu, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Kabla hujaondoka, nenda kwenye mkutano mmoja ukaulize hesabu, ukiwa na wenzako wa safu ya jirani.

"Shikamoo. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Darasani tunaambiwa biashara ya serikali lazima ife, iwe mikononi mwa watu binafsi. Ni kweli?" (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba mwanangu. Panda basi uende Kongwa, kisha usome kilichotokea pale.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa ili kupata mafuta ya kula kwa watu wake. Mwenye mali alikuwa mlipakodi wa Uingereza, na aliyemsemea alikuwa waziri aliyeko London. Walileta matrekta yaliyokwisha kutumika, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ilikuwa ngumu mno wakati wa kiangazi, mibuyu ikagoma kung'oka, mvua ikaja ilivyotaka yenyewe. Hii ni Ugogo, nchi ambayo takriban miaka 30 kabla ilikuwa imepitia njaa ya Mtunya, na wenyeji wake hawakuhitaji kufundishwa kwamba mvua ya hapa haina ahadi. Mradi ulisitishwa Januari 1951, na serikali ikafuta hasara ya pauni milioni 36.

Mwalimu wako atasema hilo linathibitisha hoja yake. Lakini angalia nani aliuendesha mwanzoni: United Africa Company, kampuni ya kundi la Unilever, kwa niaba ya serikali. Shirika la umma lilipokea mwaka 1948, wakati mambo yamekwisha kuharibika. Kampuni binafsi yenye uzoefu wa biashara Afrika haikuuokoa mradi, maana fedha hazikuwa zake. Katika mnyororo ule wote hakukuwa na mtu ambaye angepoteza chake kwa kukosea na wakati huo huo akawa karibu kiasi cha kuiona ile ardhi. Waliokuwa karibu hawakuwa na neno, waliokuwa na neno walikuwa London, na walikuwa wamekwisha kulitangazia bunge lao.

Sasa linganisha na benki ya NMB. Ilizaliwa mwaka 1997 kutoka benki ya NBC, ikiwa mali ya serikali. Mwaka 2005 asilimia 49 ya hisa zikauzwa kwa wawekezaji wakiongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 hisa zake zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Serikali haikutoka. Bado inashikilia karibu theluthi moja kupitia Msajili wa Hazina, anayeshika hisa zake, na inapokea gawio, yaani fungu lake la faida. Kilichobadilika ni kwamba wapo wenye hisa wengine wanaouliza maswali, na hesabu zinachapishwa kila mtu azione. Si rahisi tena mkubwa mmoja kupiga simu usiku akaagiza mkopo utolewe.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba serikali haiwezi kumiliki vizuri. Ninaamini inamiliki vibaya pale inapoficha inachokitaka. Chukua DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Dodoma. Ikipimwa kwa faida peke yake, haitafikisha bomba kwenye vitongoji vipya ambako nyumba zimetawanyika, na sisi wakazi tusingekubali hilo. Shirika likibebeshwa mzigo wa huduma, mwenye mali aseme wazi ni mzigo gani na nani anaulipia. Asipotamka, menejimenti itatumia mzigo huo kufunika kila uzembe, na hakuna mkaguzi atakayeweza kutofautisha.

"Kwa nini makampuni mengine huuza hisa kwa umma na mengine, hata makubwa, hayataki?" (Mfanyabiashara, Singida)

Nyumbani kwako kuna mfano. Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, na kundi la MeTL la familia yao limekua mpaka kununua viwanda vilivyokuwa vya serikali, bila kuuza hisa zake sokoni. Familia inaweza kuvumilia miaka kadhaa ya faida ndogo bila kumweleza mtu, na kuamua jambo kubwa mezani baada ya chakula. Twiga Cement, ambayo mwenye hisa nyingi ni Heidelberg Materials ya Ujerumani, iko kwenye soko la hisa, kwa hiyo inachapisha hesabu na wenye hisa wadogo wanangoja gawio. Ukiuza hisa unapata mtaji usio na riba, unapoteza usiri. Kuna na nafuu ya kodi: gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa asilimia 5, la kampuni isiyoorodheshwa asilimia 10.

"Nasimamia hoteli ndogo Dodoma kwa miaka kadhaa. Nimeomba nyongeza ya mshahara, bosi anasema atanipa hisa asilimia 5 badala yake. Nikubali?" (Msimamizi, Ipagala)

Usikubali kabla hujauliza kiwanja kiko kwa jina la nani. Mara nyingi hati ya jengo ina jina la mwenyewe binafsi, na kampuni ni mpangaji wake. Hapo asilimia 5 uliyopewa ni ya vitanda, mashuka na jenereta. Taarifa za kampuni zinapatikana BRELA, wakala wa usajili wa biashara, za kiwanja ziko ofisi ya ardhi.

Pili, gawio hutoka kwenye faida, na mwenye asilimia 95 ya hisa ndiye anayeamua faida ionekane au isionekane. Anaweza kujilipa mshahara mnono na pango la jengo mpaka mwisho wa mwaka pasibaki kitu. Na ukitaka kuondoka, hisa za kampuni binafsi huwezi kumuuzia yeyote upendaye, katiba ya kampuni huwa inazuia. Bila maandishi yanayosema nani atazinunua na bei itakokotolewaje, utakuwa na karatasi tu.

Mambo mengine hayatabadilika hata ukiwa mwanahisa. Wakati wa Bunge la bajeti vyumba vyenu vimejaa, wewe unataka pampu ya maji ibadilishwe kwa mapato hayo, yeye anataka kuanza ghorofa ya pili. Kwa asilimia 5 utashindwa kama ulivyoshindwa ukiwa mwajiriwa, tofauti ni kwamba safari hii nawe utakuwa umeichangia hiyo ghorofa.

Mrudie na pendekezo hili: nyongeza ndogo ya mshahara, pamoja na asilimia ya mapato ya vyumba yanayozidi lengo la mwaka, kwa mkataba ulioandikwa. Hisa mziongelee siku atakapoingiza jengo kwenye kampuni. Mwombe akuonyeshe na hesabu za miaka mitatu zilizopelekwa TRA. Akikuonyesha, nenda nazo kwa mhasibu asiye wake kabla hujasaini chochote.