Kabla hujatupa waya wa antena, upime kwanza

Jamani hili la waya naomba niliseme maana watu wanapoteza hela bure. Juzi nilikuwa Uyole kwa mama mmoja, mnara wa simu uko nyuma ya nyumba yake kabisa, king'amuzi kinagandaganda kila jioni na fundi aliyenitangulia keshambadilishia antena mara mbili.

Mimi antena niliitoa tu, mahali pake nikafunga koneta ambayo ndani nimechomelea rezista ya ohm 75, upande wa sebuleni nikachomeka mita ya kupimia nguvu ya mawimbi nikaiweka MHz 800, maana mnara ule unarusha 4G hukohuko. Waya hauna antena, ulitakiwa ukae kimya, lakini mita inasoma desibeli 41! Yaani mawimbi yanaingilia njiani.

Ila kabla ya hapo funga ile rezista kwenye mita yenyewe bila waya, usiruke hii, mita nazo zinavuja na usipojua ya kwake utausingizia waya. Yangu ilisoma 12.

Basi nikafungua koneta ya juu, zile za kuzungusha kwa mkono, nikakuta nyuzi za nje, zile zinazokinga waya na mawimbi ya pembeni, zimebaki tatu tu na zimeota unga mweupe, mvua zetu hizi za Mbeya zilishaingia. Nikakata mpaka kwenye uzima, nikaweka koneta ya kubana, ikashuka hadi 24. Desibeli 17 hizo msizione ndogo, ni nguvu imepungua mara 50 hivi. Waya uleule!

Kama ningebaki na 35 huko ndo ningesema waya wenyewe mbovu. Ukienda kununua omba wachune kidogo uone, kuna nyingine foili ipo lakini nyuzi juu yake unazihesabu kwa macho, na maandishi ya RG6 ni jina la aina ya waya tu, hayakuambii kitu kuhusu kinga, yaani unavyozuia mawimbi ya nje. Tafuta iliyoandikwa daraja A, hiyo kinga yake inaanzia desibeli 85 kati ya MHz 30 na 1000, A+ ni 95. Namba hizo ni za maabara lakini, usizilinganishe na za mita yako, wewe linganisha waya kwa waya, urefu uleule, sehemu ileile, saa ileile maana mnara jioni unachangamka zaidi.

Na koneta ya nje izungushie raba tepu, halafu waya uache ulegee chini kidogo kabla haujaingia ukutani, maji yadondokee hapo.