Mkiimba wawili, usijaribu kufanana na mwenzako

Sauti yangu ni ya mikwaruzo. Nimezaliwa nayo, sikuipata kwa sigara wala kwa gongo kama watu wanavyonisingizia. Dada ninayeimba naye kwenye bendi yetu ya kopi ni kinyume changu kabisa: sauti nyororo, imenyooka, inapanda juu bila hata kukunja uso. Ungedhani tukiwekwa pamoja kwenye wimbo wa mapenzi kazi imekwisha. Wapi! Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa aibu tupu.

Siku niliyokoma ilikuwa harusini, Mbezi. Maharusi walituomba wimbo wa kukatia keki. Nikapanga kii, yaani kimo cha wimbo, inayonifaa mimi, maana ndiye niliyekuwa naanza. Ubeti wa pili mwenzangu akalazimika kushuka hadi chini kabisa, sauti ikamkimbia, ikabaki pumzi kwenye maiki. Mimi nami, nikiogopa kumfunika, nikaanza kuilainisha sauti yangu, nikawa kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Shangazi mmoja wa meza ya mbele aliacha pilau yake akanitazama kwa huruma. Afadhali angezomea.

Aliyetuokoa ni mpiga kinanda wetu, mzee asiye na maneno mengi. Alinipa nyimbo za filamu ya mwaka 1982, One from the Heart ya mwongozaji Francis Ford Coppola, akasema, "Msikilize huyu bwana, halafu uje uniambie kama bado unalionea haya koo lako."

Bwana mwenyewe ni Tom Waits. Ndiye aliyezitunga, na humo anaimba na Crystal Gayle. Waits ana sauti ya mtu aliyelala kwenye kiti cha baa. Gayle ni mwimbaji wa muziki wa country, mdogo wake Loretta Lynn aliyekuwa naye nyota wa country, sauti safi kama maji ya mtungini. Wazo la kuwaimbisha wawili lilimjia Coppola alipousikia wimbo ambao Waits aliuimba na Bette Midler mwaka 1977, wa watu wawili wanaopigana maneno baa. Midler hakupatikana kwa filamu, akaja Gayle, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa bahati. Midler angemjibu Waits kwa ukali uleule. Gayle hana ukali, na hapo ndipo utamu ulipo.

Filamu yenyewe ni ya Hank na Frannie, wapenzi wa Las Vegas waliotimiza miaka mitano pamoja. Frannie kamnunulia Hank tiketi za kwenda kisiwa cha Bora Bora, Hank naye kamletea hati ya nyumba. Wanagombana, kila mmoja anatoka na mtu mwingine. Nyimbo hizi hazitoki midomoni mwao. Sauti za Waits na Gayle zinapita juu yao kama mawazo ambayo wao wenyewe wameshindwa kuambiana. Coppola aliijenga Las Vegas nzima ndani ya studio, akatumia zaidi ya dola milioni 26, na kwenye majumba ya sinema haikurudisha hata milioni moja. Muziki lakini uliteuliwa kuwania Oscar. Mimi filamu niliitazama mara moja. Nyimbo sijui nimezirudia mara ngapi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba wanakutana mara chache mno. Albamu ina nyimbo 12, na za kuimba wote wawili unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. "Old Boyfriends" ni ya Gayle peke yake. "Broken Bicycles" ni ya Waits peke yake. Kwa hiyo wanapokuja kukutana, msikilizaji anamjua kila mmoja kwa tabia zake, kama majirani. Basi nakushauri hivi: kabla ya wimbo wenu wa wawili, kila mmoja apewe wake. Tulikuwa tunapanda jukwaani na kuanza moja kwa moja kupokezana, na watu hawakuwa na muda wa kujua nani ni nani.

Halafu sikiliza "Picking Up After You". Ni mume na mke, au walio kama mume na mke, wanalalamikiana: nimechoka kuokota vitu vyako. Gayle anayasema maneno machungu kwa sauti ileile ya asali, haongezi hata chembe ya hasira. Aliyekulia kwenye mipasho anajua jinsi neno linavyochoma zaidi likitoka kwenye koo tamu. Waits naye haendi mbio kumjibu. Anachelewa nyuma ya mdundo, kama mwanaume anayetafuta kiatu cha pili huku akigombezwa.

Nilipojaribu kuchelewa hivyo, mpiga ngoma alidhani nimepotea, akapunguza mwendo ili anisubiri. Besi ikamfuata. Tukaishia kama gari lililoishiwa mafuta kwenye mlima. Ukitaka kuchelewa, kaa kwanza na ngoma na besi, waambie wasikusubiri kwa lolote. Unachelewa vizuri tu pale ambapo wengine wote wanafika kwa wakati.

Kuhusu kii, sasa hivi tunafanya mazoezi ya kwanza bila chombo chochote. Kila mmoja anatafuta noti ya chini na ya juu anayofika bila kukamia, tunaziandika. Kisha kii inawekwa kwa ajili ya mwenye sauti ya kubeba wimbo, kwetu ni dada. Mimi nikikuta juu kumenizidi nashuka oktava, yaani noti zilezile lakini kwa sauti ya chini zaidi, au naongea tu. Ndiyo, naongea. Sauti ya mikwaruzo ina ruhusa hiyo, usiione kama kushindwa. Kama kweli mnapishana sana, mwombe mpiga kinanda abadilishe kii katikati ya ubeti wako na wake. Akifanya kwa utulivu hakuna meza itakayogundua.

Na fundi mitambo mwangalie sana. Wengi wakiona waimbaji wawili wanawapangia maiki sawasawa, eti wasionewe. Mwambie akutenganishe. Sauti nzito ukiibandika kwenye maiki inavimba, besi inajaa ukumbi, kwa hiyo mimi huacha nafasi ya ngumi moja kati ya mdomo na maiki. Mwangwi tunamwekea dada kidogo, mimi nabaki mkavu. Siku fundi alipotutia mwangwi wote wawili tulisikika kama tangazo la stendi ya mabasi.

Mwishoni mwa albamu kuna "Take Me Home", Gayle peke yake, haufiki dakika mbili. Siku hizi tunafungia onyesho kwa huo. Mara ya kwanza nilitaka kumsaidia kwenye mstari wa mwisho, mzee wa kinanda akanitikisia kichwa. Nikaenda kukaa nyuma kwenye kreti karibu na ngoma, nikafungua chupa yangu ya maji polepole ili kifuniko kisilie.