Mshauri wa wiki moja na SACCOS ya walimu

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS ya walimu mkoani Mwanza, wanachama 640. Tunataka kuachana na madaftari na Excel. Wamejitokeza washauri wawili. Wa kwanza ni kijana mwenye vyeti vingi. Anasema atachambua mahitaji yetu kwa wiki moja, kisha atufungie mfumo anaoufahamu. Wa pili ana miaka 16 kazini, anataka wiki sita, na bei yake ni karibu mara tatu. Wenzangu wanasema teknolojia inabadilika kila mwaka, hivyo uzoefu wa zamani una faida gani? Tumchukue yupi?

JIBU: Ndugu yangu, hilo la "uzoefu wa zamani una faida gani" huniuma kila ninapolisikia, na nalisikia karibu kila mwezi. Kompyuta zinabadilika, ni kweli. Lakini mchambuzi wa mifumo hachambui kompyuta. Anachambua safari ya fedha ya mwalimu kutoka kwenye mshahara hadi kwenye akiba na hisa zake, na mahali inapokwama njiani. Safari hiyo haijabadilika sana tangu nianze kazi hii.

Niliwahi kuitwa kwenye SACCOS moja ambayo mfumo wake mpya ulikwama mwezi wa pili. Mchambuzi wa mwanzo alikaa na meneja siku mbili, akaandika alichoambiwa: makato yanaingia, mfumo unayagawa kwa wanachama. Hakuambiwa kwamba fedha ya mwajiri huja kwa mkupuo, pengine imechelewa mwezi mzima, na orodha yake ina majina yaliyokosewa, waliohamishwa na hata waliokwisha kustaafu. Karani wa dirishani alikuwa na kaunta buku chini ya meza, ambamo aliandika fedha zisizojulikana ni za nani mpaka mwenyewe apatikane. Mfumo halisi wa chama kile ulikuwa humo. Programu mpya haikuwa na pa kuziweka fedha hizo, basi kila mwezi ikaikataa orodha nzima. Meneja hakuficha kitu. Alilizoea jambo lile kiasi kwamba halikumjia kulisema.

Mchambuzi aliyewahi kuumizwa na jambo kama hilo huanzia kwa karani. Atawauliza: mwanachama akichukua mkopo wa dharura juu ya mkopo mkubwa, rejesho lake linaanza kulipa upi? Riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza? Mwanachama akifariki, riba inasimama tarehe ipi, na kwa idhini ya nani? Mdhamini akitaka kujitoa je? Cheti kinafundisha kuchora michoro ya mfumo, na michoro ina kazi yake. Hakifundishi kushuku jibu linalokuja upesi mno.

Wanaodhani haya ni matatizo ya kwetu tu wasome habari za huduma ya magari ya wagonjwa ya London. Tarehe 26 Oktoba 1992 waliwasha mfumo wa kompyuta wa kuyaelekeza magari hayo. Zabuni ilikuwa imekwenda kwa bei ya chini mno kuliko za washindani, na programu ikaandikwa na kampuni ndogo isiyowahi kutengeneza mfumo wa kazi hiyo. Mfumo ulitegemea kujua kila wakati kila gari liko wapi. Madereva wakabonyeza vitufe kwa kuchelewa au kwa kukosea, mawasiliano ya redio yakasongamana, na watu waliosubiri gari bila kuliona wakapiga simu tena na tena. Siku iliyofuata ilibidi warudie kwa sehemu utaratibu wa mkono. Tarehe 4 Novemba mfumo ukasimama kabisa, kwa sababu kipande cha programu kilichosahauliwa kilikuwa kikila kidogo kidogo kumbukumbu ya seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo.

Sisemi mumchukue wa pili kwa miaka yake 16. Kuna waliokaa muda huo wote wakifunga programu na kuondoka siku ya uzinduzi. Mwulizeni alikuwa wapi mwisho wa mwezi wa tatu wa mfumo wake wa mwisho, na mpigieni simu karani wa huko, si meneja. Kijana naye mwambieni akae dirishani siku ya mshahara. Akikubali na kurudi na maswali ambayo bodi haiwezi kuyajibu, huyo anafaa, ila aongezewe muda.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile kauli yake ya "mfumo anaoufahamu". Washauri uchwara wamejaa mijini, na wengi wao hula kamisheni kwa muuzaji wa programu. Huyo ni fundi cherehani aliyekwisha kukata kitambaa kabla ya kukupima. Atakwambia suruali imekaa vizuri, na wewe ndiye uliyenenepa. Ikishindikana, lawama huenda kwa wafanyakazi "wasiotaka mabadiliko", kisha unanunuliwa mfumo mwingine. Nimeyaona shuleni, kwenye vyama vya mazao na hospitalini. Zahanati moja niliyoitwa ilikuwa imelipia mfumo wa tatu ndani ya miaka minne, na mapokezi walikuwa bado wanaandika wagonjwa kwenye kaunta buku.