Sensa Mbovu, Pesa Zangu: Maswali Yenu Kuhusu Kamera

Msimu wa harusi umeanza, na barua zinazonifikia ni za watu walionunua kamera mjini kwa akiba ya miaka, wakaanza kuona mambo kwenye picha. Nimezichagua hizi kwa sababu zinagusa wengi.

*

Nilinunua kamera mpya Luthuli Avenue, Nairobi, wiki tatu zilizopita. Picha za usiku zina vidoti vyekundu na vyeupe, kila mara palepale. Muuzaji anasema ni vumbi, nilipe anisafishie. Ni kweli?
– Mpiga picha wa harusi, Umoja

Hapana. Vumbi haliwi jekundu. Likitua juu ya sensa (kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa picha) linaacha kivuli, yaani doa la kijivu lenye kingo zilizofifia, linaloonekana ukipiga anga jeupe kwa f/16 au f/22, tundu la lenzi likiwa dogo, na kupotea ukilifungua hadi f/2.8. Unachokieleza wewe ni pikseli moto: chembe ya sensa inayovujisha umeme, na ambayo hujitokeza zaidi kamera ikipata joto au shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuifikia sensa, ikikaa wazi kwa muda mrefu.

Jihakikishie leo usiku. Zima kipengele cha kupunguza chengachenga (noise reduction), funika lenzi kwa kifuniko chake na uweke ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, kwenye 100. Piga picha moja kwa 1/60 ya sekunde, nyingine kwa sekunde 30, kisha rudia zote mbili. Zifungue kwenye kompyuta na uzikuze hadi asilimia 100. Vidoti vichache katika ile ya sekunde 30 visikutie hofu, kwa maana sensa ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 24 na si zote zitakuwa timamu. Lakini vikionekana hata katika ile ya 1/60, au ukiona mstari mzima umekatiza picha, kamera hiyo irudi ilikotoka.

Kamera nyingine, kama za Olympus na Panasonic, zina kipengele kwenye menyu cha kutafuta pikseli mbovu na kuziba pengo kwa rangi za pikseli jirani. Kijaribu, hakigharimu kitu, lakini hifadhi kwanza picha zako za ushahidi. Na usilipe mtu kusafisha sensa kabla madai yako hayajaisha. Mkwaruzo mmoja tu, na duka litasema umeiharibu mwenyewe.

*

Risiti yangu imeandikwa "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi". Tena niliijaribu kamera palepale dukani nikasema iko sawa. Nimejifunga mwenyewe?
– Msomaji, Kasarani

Hujajifunga, na swali lako linaniuma kwa sababu maandishi hayo yamewafukuza watu wengi waliokuwa na haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kuuzwa. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema sharti lolote linalojaribu kuziondoa haki hizo ni batili. Mstari uliochapwa chini ya risiti hauwezi kushindana na hayo.

Kuhusu kujaribu dukani: sheria inakuzuia kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Kioo kilichopasuka, sawa, ungekiona. Lakini nani ataiona pikseli moto kwenye skrini ndogo ya kamera, chini ya mataa makali ya duka, na wateja wengine wanamsukuma kwa nyuma?

Kinachoweza kukuponza kweli ni kukaa kimya. Ukikaa na kamera kwa muda bila kusema lolote, utahesabiwa kuwa umeikubali. Hapo utabaki na haki ya kudai fidia tu, si ya kurudisha kamera na kuchukua pesa zako. Kwa hiyo andika leo, kwa WhatsApp na kwa barua pepe pia:

"Kamera niliyonunua kwenu tarehe hii, nambari ya siriali hii, ina hitilafu ya sensa. Naikataa na nataka nirudishiwe pesa zangu zote. Picha za ushahidi ni hizi."

Usianze na "naomba mniangalizie tu". Wataipeleka kwa fundi, wiki zitapita, nawe hutakuwa umedai chochote. Risiti, ujumbe wa M-Pesa, sanduku na picha zenyewe zisizohaririwa, vyote vihifadhi.

*

Naambiwa "modeli hii yote iko hivyo, vumilia".
– Mwanafunzi, Ngara

Hata kama ni kweli, huo si utetezi. Ni ungamo. Kamera ya Nikon D600 ilipotoka mwaka 2012, wanunuzi walilalamika kuhusu madoa yaliyokuwa yakijaa kwenye sensa. Mwanzoni kampuni ilizungumzia usafishaji tu. Mwaka 2014 ikakubali kuzikagua kamera hizo na kubadilisha shata bila malipo, hata waranti ikiwa imekwisha. Kampuni ya Leica nayo ilibadilisha bure sensa za kamera zake za M9 ambazo kioo chake cha juu kilikuwa kikiliwa na kutu. Haya yalipatikana kwa sababu wateja walikataa kuvumilia.

*

Baada ya kupiga picha kwenye tamasha lenye taa za leza, kamera yangu imebaki na mistari ya zambarau. Waranti itanisaidia?
– Eastleigh

Sitakupa moyo wa bure, ndugu yangu. Leza ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuunguza sensa, na waranti hailipii ajali kama hiyo. Kama una bima ya vifaa, wapigie hao. Safari nyingine muulize mwandalizi mapema miale inaelekezwa wapi.

*

Niliinunua kwa mtu binafsi, si duka. Je?
– Rongai

Njia ni nyembamba. Sharti la ubora linamfunga anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Lakini kama alikuandikia "sensa safi, haina tatizo" na si kweli, mshike kwa maneno yake, maana alichokuuzia hakilingani na alivyokieleza. Usiufute ujumbe huo.

*

Mwezi wa pili huu napigwa danadana, "njoo kesho, bosi hayupo". Kamera ni KSh 145,000 na sina pesa za wakili.
– Mama wa studio, Kayole

Wakili si lazima, mama. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Kabla ya kwenda, waandikie mara ya mwisho ukiwapa siku saba. Kisha linganisha jina la biashara lililo kwenye risiti na lile lililotokea ulipolipa kwa M-Pesa. Yakitofautiana, tafuta kujua mapema mwenye duka ni nani, kwa sababu ukimshtaki asiyehusika utaanza upya. Beba picha mbili zilizochapishwa kubwa, zilizopigwa siku tofauti, na kila doa lizungushie kalamu nyekundu. Mwamuzi hahitaji kujua f/16 ni nini ili aone kwamba doa liko palepale.

Peleka pia malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia haki za watumiaji. Hawatozi chochote, na mengine yanamalizika muuzaji akishapokea barua yao.